Kitabu cha Mahafali Kilichosomwa Kabla ya Kuchapwa: Tathmini ya Duka Moja la Uchapaji Kariakoo

Mwaka huu kamati ya mahafali ya Kidato cha Sita katika shule yetu ya kutwa, iliyoko upande wa Temeke jijini Dar es Salaam, iliamua kwamba wahitimu wake 52 wa tahasusi za HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) wataondoka na kitabu kidogo chenye picha ya kila mmoja na wasifu wake wa utani, ulioandikwa na wenzake. Mimi ndiye mwalimu wa darasa hilo, na kazi ya kutafuta mchapaji niliifanya pamoja na wanafunzi watatu wa kamati. Tulizunguka Kariakoo Jumamosi mbili mfululizo, tukipanda na kushuka ngazi za majengo yenye maduka ya uchapaji kuanzia chini hadi juu, na kila tulipoingia tuliulizwa maswali yale yale matatu: kopi ngapi, kurasa ngapi, rangi au nyeusi. Hatimaye tuliangukia duka dogo la ghorofa ya pili, mwendo mfupi kutoka kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani, ambalo lilituuliza swali la nne: ni nani ameusoma mswada huo mbali na waliouandika?

Swali hilo lilitoka kwa mama wa makamo anayesoma prufu, yaani nakala za kukaguliwa kabla ya kuchapwa, katika duka hilo, na ambaye vijana wa mashine humwita Mama tu. Naandika tathmini hii kwa sababu walimu wenzangu kadhaa wameniuliza tulichapa wapi na kwa bei gani. Bei nitaieleza, na hata kasoro nitazieleza, lakini sehemu kubwa ya maelezo yangu itamhusu huyo Mama, kwa kuwa bila yeye tungelipia karatasi nzuri iliyobeba maneno yasiyomhusu mtu yeyote.

Tulimwachia mswada siku ya Jumamosi. Tuliporudi katikati ya wiki, alikuwa ameweka wasifu kumi juu ya meza, kila mmoja akiwa amefunika jina lake kwa kipande cha karatasi. Baada ya wanafunzi kumwamkia, aliwaomba waseme kila wasifu ni wa nani. Walitambua miwili tu. Minane iliyobaki ilisema kwamba mhusika ni mcheshi, mkarimu, anapenda kushirikiana na wenzake na ana ndoto ya kuwa mwanasheria.

“Mwalimu,” aliniambia kwa upole, “hawa watoto mbona ni mtu mmoja?”

Tulihesabu pamoja, tukakuta neno “mcheshi” limetumika mara 31 katika wasifu 52. Mama aliwaagiza wanafunzi wakaandike upya kwa sharti moja: katika kila wasifu pawe na jambo ambalo mhusika hulifanya yeye peke yake, jambo ambalo siku asipokuja shuleni darasa litatambua kwamba limekosekana. Hakutoza shilingi kwa ushauri huo, wala hakuuharakisha. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na nakiri kwa dhati kwamba zoezi lile moja liliwafundisha wanafunzi wangu kuandika kuhusu mtu kwa namna ambayo insha zangu zote za wasifu hazikuwa zimefanikiwa.

Matokeo yalionekana baada ya wiki moja. Mpiga kengele wetu, ambaye awali alielezwa kuwa ni “kijana mwajibikaji”, sasa aliandikiwa hivi: “Siku aliyougua, shule nzima ilikula chakula cha mchana saa tisa na robo, na vipindi viwili vya Historia vikaunganika vikawa karne moja.” Msichana ambaye hawezi kuvumilia kosa la sarufi aliandikiwa kwamba aliwahi kushuka kwenye daladala kituo kimoja kabla ya chake ili akamweleze mwenye duka lililoandikwa “Tupo wazi masaa 24” kwamba wingi wa saa ni saa. Golikipa wa darasa alipata mistari mitatu, na wa mwisho unasema kwamba bao alilofungwa na tahasusi za sayansi akiwa Kidato cha Tano lilikuwa la kuotea, na kwamba yuko tayari kulieleza kwa mchoro ubaoni kwa mtu yeyote mwenye nafasi. Yupo pia aliyeazima kalamu ya bluu mwezi wa Julai, juma la kwanza la kuripoti, na ambaye wasifu wake umeandikwa na mwenye kalamu.

Wanafunzi wawili wanaokaa dawati moja, mmoja wa Simba na mwingine wa Yanga, waliandikiwa wasifu wa pamoja kwa ombi lao. Unaeleza jinsi ambavyo asubuhi ya kwanza baada ya dabi ya Kariakoo begi huwekwa katikati ya dawati kuwa mpaka, na jinsi ambavyo mpaka huo huondolewa kimya kimya kipindi cha nne, kwa sababu mmoja wao ndiye mwenye rula. Nilipousoma nilijua kwamba kamati imeelewa. Hakuna neno “marafiki” humo ndani, na hakuna msomaji atakayelihitaji.

Yupo msichana mmoja ambaye wasifu wake ulirudishwa mara mbili. Ni mtu wa maneno machache sana, na kamati ilikuwa imemwandikia kwamba ni mpole na msikivu, kisha ikakosa la kuongeza. Mama alisema kwamba upole si kazi, akauliza binti huyo hufanya nini tangu anapoingia getini mpaka anapotoka. Hakuna aliyejua. Wanafunzi walilazimika kuulizana na kumuuliza mlinzi, na ndipo ilipobainika kwamba yeye ndiye hufika wa kwanza na kufuta ubao pamoja na kuokota vipande vya chaki. Wasifu wake ndio mfupi kuliko wote: “Tangu tulipoingia Kidato cha Tano, kila asubuhi saa moja na nusu ubao wetu ulikuwa safi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza kwa nini. Tunauliza leo, tumechelewa, asante sana.” Utani wake ni mdogo na umewekwa juu ya waandishi wenyewe, kama inavyostahili.

Hapo nieleze kidogo kuhusu utani, kwa sababu duka hili linaonekana kuuelewa vizuri kuliko wengi wanaotengeneza vitabu vya aina hii. Kwetu Tanzania utani una wenyewe na una mipaka yake. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, Mhehe na Mngoni ni watani, Mchaga na Mpare vivyo hivyo, na kila mmoja anajua kwamba mtani anaruhusiwa kusema ambalo mwingine akilisema litakuwa tusi, kwa sababu mtani huyo huyo ndiye atakayefika msibani kuchota maji na kuwafanya wafiwa wacheke. Ruhusa ya kutania inakwenda sambamba na wajibu wa kuhudumia. Mama alipendekeza kwamba wanafunzi wenye watani darasani waandikwe na watani wao, na hivyo ndivyo tulivyopata ule wasifu ambao ulisomwa kwa sauti na kurudiwa siku ya mahafali: “Mtani wangu alipougua malaria nilimpelekea uji siku tatu. Alipopona nilimdai sukari, akanilipa nusu. Hiyo nusu nyingine ndiyo itakayonifanya nimtafute popote atakapokuwa.”

Mipaka nayo ililindwa. Kamati ilikuwa imejiwekea masharti yake kwamba hakuna kumtania mtu kwa maumbile yake, kwa uwezo wa wazazi wake, kwa mambo ya mapenzi wala kwa alama za mtihani. Hata hivyo, wasifu mmoja ulipenya. Ulimhusu kijana anayechelewa, na ulisema kwamba yeye na paredi ya asubuhi hawajawahi kuonana. Wanafunzi walicheka na mimi niliuruhusu. Mama aliuzungushia duara, akauliza pembeni: “Anatoka wapi?” Kijana huyo anatoka Chanika, hupanda daladala mbili, na kabla ya kuondoka nyumbani humsaidia mama yake kuandaa vitafunwa vya biashara. Kuchelewa kwake kulikuwa ni hali ya nyumbani iliyovaa nguo ya tabia, na kwa masharti yetu wenyewe hakukupaswa kuchekwa. Wenzake waliandika upya kwamba ndiye mhitimu pekee anayefahamika kwa jina na makondakta wa njia mbili, na kwamba mvua ikiifunga barabara, darasa zima humuuliza yeye pa kupita. Alipoona wasifu huo kwenye kitabu alimwonyesha kondakta mmoja siku iliyofuata, na amenieleza kwamba hakulipishwa nauli.

Sasa nigeukie kazi ya mikono, ambayo pia ina mengi ya kusifiwa. Kitabu ni cha ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210, kimekunjwa na kubanwa kwa pini mbili katikati. Kitabu cha namna hiyo lazima idadi ya kurasa zake igawanyike kwa nne, kwa kuwa kila karatasi ikikunjwa hutoa kurasa nne. Mswada wetu, ukiwa na wasifu miwili kwa ukurasa pamoja na salamu na picha za matukio, ulifika kurasa 38. Maduka mawili tuliyopita awali yalituambia tu kwamba kurasa mbili za mwisho zitakuwa tupu. Fundi wa hapa alipendekeza kurasa hizo zichorwe mistari hafifu na kuachwa kwa ajili ya saini na ujumbe wa mkono, na kwamba karatasi ya ndani isiwe ya kung’aa ili wino wa kalamu ushike. Tulichagua karatasi ya gramu 100 kwa mita ya mraba, na jalada la gramu 250 lenye laminesheni, yaani utando mwembamba wa plastiki. Leo kurasa za 39 na 40 ndizo zilizojaa kuliko zote.

Fundi huyo huyo alituelimisha kuhusu rangi. Kwa kopi 60 haikuwa na maana kutumia mashine ya ofseti, kwa kuwa gharama ya kuandaa pleti, yaani mabamba ya kuchapia, ni ile ile uchape kopi 60 au 2,000, hivyo alituelekeza kwenye mashine ya dijitali. Kisha akatushauri tuchape kwa rangi jalada na karatasi moja tu ya katikati, inayobeba kurasa za 19 hadi 22, na picha ya darasa zima tuiweke kurasa za 20 na 21, mahali pekee ambapo kurasa mbili zinazotazamana huwa ni karatasi moja isiyokatika. Nimeona vitabu vya shule nyingine ambamo picha ya pamoja imepasuliwa katikati na wanafunzi wa safu ya kati wamemezwa na mkunjo. Katika kitabu chetu, kila uso wa picha ile unaonekana.

Jambo la picha linahitaji tahadhari ya mapema kutoka kwa kamati yoyote. Wanafunzi wetu walikuwa wametuma picha zao kwa WhatsApp kama picha za kawaida, na programu hiyo huzipunguza ukubwa. Kwa uchapaji mzuri hutakiwa nukta 300 kwa inchi, ambayo ina maana kwamba picha ndogo ya upana wa sentimita nne inahitaji pikseli zipatazo 470, na hiyo ilipatikana, lakini picha ya kujaza kurasa mbili inahitaji pikseli zipatazo 3,500 kwa upana, na hiyo haikupatikana. Ilibidi tumrudie mpiga picha atupatie faili halisi kwenye flashi. Duka lilitueleza hayo kabla ya kupokea fedha, na sikuona dalili ya kutaka kutuuzia huduma ya ziada.

Nalishukuru duka hasa kwa jinsi lilivyoshughulikia nyuso za watoto. Picha za watu weusi zikichapwa kwa wino mweusi bila uangalifu hugeuka vivuli ambavyo ndani yake huoni jicho wala tabasamu, na mafundi wengi hutibu tatizo hilo kwa kung’arisha picha nzima mpaka mtu anatoka na rangi ambayo si yake. Hapa kijana wa dizaini alifungua sehemu za giza pekee, picha moja baada ya nyingine, akachapa karatasi ya majaribio, akaitazama dirishani kwenye mwanga wa jua, akarudia. Alifanya hivyo kwa picha zote 52. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba hiyo ndiyo picha yake ya kwanza iliyochapwa ambayo bibi yake ameitambua bila kuuliza.

Kasoro zipo, na kubwa ni moja. Siku tuliyokwenda kuchukua vitabu, tuligundua kwamba katika ukurasa wa 17 majina ya wasichana wawili yamebadilishana nafasi chini ya picha zao. Prufu niliyoisaini ilikuwa sahihi, kwa hiyo kosa lilitokea baada ya hapo, na kijana wa dizaini alikubali kwamba alifungua faili la zamani. Katika kitabu cha kubanwa kwa pini, ukurasa mmoja haurekebishwi peke yake: wa 17 uko kwenye karatasi moja na wa 18, wa 23 na wa 24, na karatasi hiyo iko ndani ya karatasi nyingine nane. Ilibidi pini zote ziondolewe, karatasi 60 zichapwe upya, vitabu vipangwe na kubanwa tena. Duka lilibeba gharama yote bila ubishi na kumaliza jioni ile ile, lakini tulisubiri tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja, na ukitazama kwa makini mgongo wa jalada utaona matundu madogo ya pini za awali. Kama mahafali yangekuwa kesho yake, tungekuwa mashakani. Duka linapaswa kufuta mafaili ya zamani mara tu mteja anapoidhinisha prufu, na nilimwambia mwenye duka hivyo ana kwa ana.

La pili ni pini zenyewe. Mji wetu uko kando ya bahari, na pini za kawaida hushika kutu katika hewa ya chumvi na unyevunyevu. Nina vijitabu vya miaka ya nyuma ambavyo kutu imekwisha kuacha alama ya hudhurungi katikati ya kurasa. Niliomba kushonewa kwa uzi, nikajibiwa kwamba hawana mashine ya kazi hiyo na kwamba kushona kwa mkono kungeongeza siku tano. Kwa kitabu ambacho mwenyewe atataka kukifungua baada ya miaka 20, hilo ni pungufu linalostahili kutafutiwa ufumbuzi.

Bei ilikuwa Sh 8,500 kwa kopi, jumla Sh 510,000 kwa kopi 60, ambazo ni za wahitimu 52 pamoja na nane za maktaba, ofisi na walimu. Kila mhitimu alichangia Sh 10,000, na Sh 10,000 zilizobaki zililipia sehemu ya bajaji ya kubebea. Tulitanguliza nusu, tukamalizia siku ya kuchukua, na tulipewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, bila kuidai. Lipo duka jirani lililotutajia Sh 6,500, na siwezi kusema kwamba mashine zake ni duni, ila lingechapa “mcheshi” mara 31 kama tulivyoleta.

Ufungaji ulikuwa makini. Tulichukua vitabu katikati ya masika, siku ambayo bonde la Jangwani lilikuwa limejaa maji, na vijana wa duka walivifunga ishirini ishirini kwa karatasi ya khaki, wakaviweka katika maboksi matatu na kutuazima turubai la kufunikia ndani ya bajaji. Hakikulowa kitabu hata kimoja. Turubai tulilirudisha Jumatatu, pamoja na kopi moja ya Mama ambayo wanafunzi walikuwa wameitia saini wote.

Siku ya mahafali nilikaa nyuma ya turubai la wageni nikiwatazama. Baada ya hotuba, kabla ya chakula, vitabu viligawiwa, na pakawa na ukimya ambao sijawahi kuupata kwa Kidato cha Sita hata ndani ya chumba cha mtihani. Kila mmoja alianza kutafuta ukurasa wake. Kisha vicheko vikaanza sehemu moja moja, na wazazi wakawa wanasogea kuuliza kumeandikwa nini. Baba mmoja alisoma wasifu wa mwanawe mara mbili, akaniuliza kama kweli ndiye huwafafanulia wenzake ramani za Jiografia kwa kutumia maharage na wali kwenye sahani, kwa maana nyumbani hajawahi kumwona akifundisha mtu. Nikamwambia ndiye. Mtihani wa taifa huanza Mei, na baada yake wengi wao watatawanyika kwenye makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wengine Ruvu, wengine Mlale, wengine Bulombora, na sidhani kama darasa lile litaketi tena pamoja likiwa kamili.

Kwa shule inayotaka huduma hii, nashauri mswada uwe tayari wiki sita kabla ya mahafali, kwa sababu Mama ataurudisha, na pengine ataurudisha tena. Pelekeni picha kwenye flashi. Sainini prufu, kisha siku ya kuchukua someni kopi moja neno kwa neno kabla ya kumalizia malipo. Kidato cha Tano wamekwisha kuanza kuniuliza kama nao watatengenezewa kitabu mwakani, na nimewajibu waanze kuangaliana vizuri tangu sasa, kwa kuwa wataulizwa.